Rehani na Urithi: Kumsoma Gurnah kutoka Bonde la Kilombero

Utangulizi

Tangu tarehe 7 Oktoba 2021, siku Abdulrazak Gurnah alipotangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, swali moja limewashughulisha Watanzania kuliko riwaya zake zenyewe: Je, huyu ni wetu au si wetu? Upande mmoja ulisema ni wetu, kwa kuwa alizaliwa Zanzibar mwaka 1948 na Kiswahili ndiyo lugha aliyonyonya kwa mama yake. Upande wa pili ukajibu kuwa si wetu: aliondoka Zanzibar akiwa kijana mwishoni mwa miaka ya 1960, miaka michache tu baada ya Mapinduzi ya Januari 1964; ni raia wa Uingereza; amefundisha Chuo Kikuu cha Kent mpaka akastaafu; na riwaya zake zote ameziandika kwa Kiingereza. Ubishi ulikuwa mkali, na kama ilivyo kawaida ya ubishi wa namna hii, nathubutu kusema kuwa wengi waliopaza sauti hawakuwa wamefungua hata kitabu chake kimoja.

Sina nia ya kuamua ugomvi huo. Ninachotaka kuonyesha katika makala haya ni kwamba swali lenyewe, "huyu ni wa wapi?", ndilo ambalo Gurnah amekuwa akilivunjavunja tangu alipotoa riwaya yake ya kwanza, Memory of Departure, mwaka 1987. Wahakiki wanapomzungumzia hutaja uhamiaji, ukimbizi, utambulisho na kumbukumbu. Si vibaya. Lakini maneno hayo yametanuka mno, mpaka kila mhamiaji anaonekana sawa na mwingine, na riwaya moja ukiisoma umezisoma zote. Mimi naona liko neno moja la Kiswahili linaloufungua mlango vizuri zaidi, nalo ni rehani. Hoja yangu ni kwamba katika riwaya za Gurnah mtu hajulikani kwa mizizi yake, bali kwa deni alilorithi. Na kwamba anaitwa mgeni au mwenyeji kutegemea ni nani aliyeshika hati ya deni hilo.

Msomaji ana haki ya kujua ninasoma nikiwa nimesimama wapi. Mimi ni mtu wa Mngeta, katika bonde la Kilombero, ukipita Ifakara kuelekea Mlimba, chini ya milima ya Udzungwa. Huko kwetu ukianza kuuliza nani mwenyeji, utakesha. Wandamba ni watu wa mto na mpunga tangu zamani. Wabena wa bondeni waliteremka kutoka nyanda za juu. Wambunga walifika kutoka kusini katika karne ya 19. Mashamba ya miwa ya Kidatu yakavuta vibarua kutoka pande nyingi; reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ikaleta wengine; kisha wakaja Wasukuma na wafugaji wengine na ng'ombe wao. Mwaka 2012, ilipoendeshwa operesheni ya kuondoa mifugo bondeni, swali la "kwenu ni wapi?" halikuwa salamu tena. Lilikuwa swali la nani abaki na nani afungashe. Kwa hiyo nilipokutana na Gurnah sikukutana na habari za Waingereza na wageni wao. Nilikutana na swali ninalolijua.

Rehani badala ya mizizi

Tuanze na Paradise, riwaya iliyotoka mwaka 1994 na kuingia katika orodha ya mwisho ya Tuzo ya Booker mwaka huohuo. Yusuf ni mtoto wa miaka 12. Baba yake ana hoteli katika mji mdogo wa Kawa, mji uliochangamka Wajerumani walipokuwa wakijenga reli na kusinyaa walipokwenda zao. Biashara imekufa, deni limebaki. Anayedai ni tajiri Aziz, ambaye Yusuf amefundishwa kumwita ami. Siku moja Yusuf anaambiwa atasafiri na ami yake. Anapanda treni kwenda pwani bila kujua kuwa yeye mwenyewe ndiye malipo. Anayemfungua macho ni Khalil, kijana anayeuza duka la Aziz, ambaye naye aliletwa hapo kwa deni la baba yake. Khalil anamkataza kata kata kumwita tajiri huyo ami. Si ami yako, anamwambia; ni Seyyid.

Hapo, kwa maoni yangu, ndipo ufunguo ulipo. Mwandishi mwingine angeandika habari ya mtoto aliyeng'olewa kwenye asili yake, kisha akatumia kurasa zote zilizobaki kumtafutia njia ya kurudi. Gurnah hafanyi hivyo. Anatuonyesha kwamba hata huko nyumbani Yusuf hakuwa na asili iliyokuwa salama. Baba yake alikuwa mgeni Kawa. Hoteli ilisimama juu ya fedha ya mtu mwingine. Neno "ami" lenyewe, neno la damu, lilikuwa vazi la uhusiano wa mdai na mdaiwa. Yaani undugu umetumika kulificha deni, na deni lilipoiva undugu ukavuliwa.

Jambo hili halihitaji maelezo marefu kwa mtu wa bondeni. Kwetu mkulima akibanwa na njaa mwezi wa Februari, mpunga ukiwa bado kijani, hukopa fedha kwa mwenye nacho na kuahidi magunia wakati wa mavuno. Mkopeshaji huwa ni mjomba, au baba mdogo, au "ndugu yetu" wa mjini. Mavuno yakifika, magunia huhesabiwa, na undugu haupunguzi hata debe moja. Aliyekulia katika hesabu hiyo ataielewa sura ya kwanza ya Paradise kabla hajafundishwa nadharia yoyote.

Sasa tuangalie By the Sea ya mwaka 2001, riwaya ambayo wengi huitaja kama riwaya ya ukimbizi. Mzee Saleh Omar anatua uwanja wa ndege wa Gatwick akiwa na pasipoti yenye jina la mtu mwingine, Rajab Shaaban Mahmud. Ameshauriwa ajifanye hajui Kiingereza. Katika mzigo wake ana kikasha cha udi, na ofisa wa uhamiaji anakichukua. Hayo ndiyo yanayokumbukwa na wasomaji, na ni kweli yanauma. Lakini kiini cha riwaya hakipo Gatwick. Kipo Unguja, kwenye nyumba. Rajab Shaaban wa kweli aliweka nyumba yake dhamana kwa mfanyabiashara aliyeitwa Hussein. Hussein akaiweka hati hiyohiyo rehani kwa Saleh Omar na kuchukua fedha. Kisha akaondoka na msimu, asirudi tena. Saleh Omar akaidai nyumba, akaipata. Miaka mingi baadaye, uzeeni na ugenini, anakutana na Latif, mtoto wa yule aliyenyang'anywa, ambaye sasa ni mhadhiri nchini Uingereza. Na jina ambalo mzee huyu anajifichia ni la baba wa Latif!

Tazama basi mwandishi alivyolifunga fundo. Saleh Omar ni mkimbizi, tena amedhulumiwa kweli, kwani baadaye alifungwa miaka mingi bila haki. Lakini huyohuyo ni mtu aliyeitwaa nyumba ya mwenzake kwa karatasi halali. Gurnah hatupi mkimbizi msafi wa kumhurumia. Kifani pia, ameigawa sauti ya msimulizi kati ya mzee na Latif, kila mmoja akiwa na nyumba ileile katika kumbukumbu tofauti, na msomaji anajikuta amekalishwa kitini kama kadhi anayesikiliza mashauri ya pande mbili. Mwisho wake hakuna anayerudishiwa nyumba. Kinachorudishwa ni habari yake, kila mmoja akimpa mwenzake kipande alichokuwa amekosa.

Kama kuna anayedhani nalazimisha, na aende kwenye Theft, riwaya iliyotoka mwaka 2025, ya kwanza baada ya Nobel. Miaka 31 imepita tangu Paradise, ukoloni umekwisha, tumo katika Tanzania ya hoteli za watalii. Na humo mnatembea tena mtoto yuleyule! Safari hii anaitwa Badar. Analetwa Dar es Salaam kuwa mtumishi wa nyumba, na polepole anatambua kuwa mzee wa nyumba hiyo anamchukia kwa sababu ya wizi uliofanywa na baba yake, mtu ambaye Badar hakumjua. Anatuhumiwa kuiba, na tuhuma hiyo inaaminika upesi kwa sababu ya jina la baba. Jamani, hii ndiyo maana ya urithi kwa Gurnah. Sisi tunapenda kuuzungumzia urithi kama ngoma, mavazi na methali. Yeye anatukumbusha kuwa marehemu huacha pia madeni, na kwamba mtoto maskini aghalabu hurithi hayo tu.

Mhamiaji anayelipa kwa hadithi

Je, mhamiaji aliyekwisha kufika Ulaya hulipa kwa nini? Jibu la Gurnah liko katika Admiring Silence ya mwaka 1996. Msimulizi, ambaye hatajwi jina, ni Mzanzibari aliyeishi Uingereza miaka 20 na mwanamke wa Kiingereza, Emma. Baba yake Emma anapenda kusikia habari za dola ya zamani, na kijana anampa: anamtungia hadithi za wema wa wakoloni, mzee anafurahi. Akirudi Zanzibar kuitembelea familia, anawakuta ndugu wameshamtafutia mchumba, maana huku nako alikuwa hajasema kwamba ana mke na mtoto. Amedanganya pande zote mbili. Kila upande ulimdai hadithi ili umkubali, naye akalipa.

Hii ni picha kali ya mwandishi mhamiaji, na nadhani Gurnah ameichora akijua kuwa inamgusa. Msomaji wa London anataka Afrika ya namna fulani. Sisi nasi tunataka mwana mpotevu anayelia kwa kuikumbuka nchi. Mwaka 2021 tulipoanza kupiga kelele za "wetu, wetu", tulikuwa tukimdai nini kama si hadithi ya namna hiyo? Mtu aliyeandika riwaya ile hawezi kuwa mwepesi wa kuilipa.

Msafara na watu wa bara

Mpaka hapa nimemsifu. Sasa nifike kwenye neno linalonikera, kwa sababu mhakiki asiyekuwa na la kulalamikia ni mpiga debe.

Sehemu kubwa ya Paradise ni safari ya msafara wa Aziz kutoka pwani kwenda bara. Midomoni mwa wahusika wa pwani, watu wa bara ni washenzi. Wanaogopwa, wanachekwa, wanahadithiwa kama majini. Rafiki yangu mmoja wa Unguja ananiambia kuwa hiyo ni kejeli, na kwamba mwandishi yuko mbali na wahusika wake. Nakubaliana naye nusu. Ni kweli kuwa hadithi yenyewe inamsuta anayelitamka neno hilo. Wanaojiita waungwana ndio wanaoweka watoto rehani. Aidha, msafara unapofika mbali kabisa huko bara, kwa mtawala aitwaye Chatu, mambo yanageuka. Chatu anawapora. Lakini kabla ya kumhukumu tunamsikia akisema: alikuja mwenzenu kabla yenu, akachukua mali yetu, hakulipa. Nyinyi mtalipa kwa ajili yake.

Hebu tulitazame vizuri jambo hili. Chatu anamfanyia Aziz kilekile ambacho Aziz alimfanyia Yusuf. Anamkamata mtu kwa deni la mtu mwingine! Aziz, bwana wa rehani, kwa mara ya kwanza yeye mwenyewe ni rehani. Hapa Gurnah amefaulu sana kisanaa, kwa sababu ametumia tendo na wala hakuhitaji hotuba. Kisha anafika Mjerumani mwenye askari, anamwamuru Chatu arudishe mali, na tajiri anaokolewa. Lakini ameokolewa na nguvu itakayoifuta biashara yake na utawala wa Chatu kwa pamoja. Mdai mpya amefika, naye hana haja ya hati.

Basi lalamiko langu liko wapi? Liko katika masafa. Yusuf tunaingia moyoni mwake. Khalil tunamsikia akilia usiku. Chatu tunamsikia kwa njia ya mkalimani tu. Raia wa Chatu hatuwasikii kabisa. Katika riwaya nzima mtu wa bara ni sehemu ya njia: ni mto wa kuvuka, ni hongo ya kulipa, ni hatari. Wapagazi wanaobeba mzigo huo, ambao wengi wao ni watu wa bara, wanakufa kwa idadi bila wasifu. Mwandishi ameusuta msafara, lakini ameendelea kutembea nao. Macho yake yapo kwenye foleni.

Na Vita vya Majimaji? Agosti 1905 wapiganaji wa Kipogoro na Kimbunga waliishambulia boma ya Wajerumani ya Mahenge, ng'ambo tu ya bonde letu, na njaa iliyofuata baada ya vita ikaua watu wengi kuliko risasi. Miaka hiyo ndiyo ile ile ambayo kina Yusuf wanakua. Afterlives ya mwaka 2020 inaitaja vita hiyo, na inautaja ukatili wa Wajerumani bila kumung'unya maneno. Lakini inabaki kuwa habari ya nyuma, kama radi ya mbali, huku sisi tukiishi na Hamza, Afiya na Khalifa katika mji wa pwani. Hamza mwenyewe ni askari wa Mjerumani, kijana aliyekimbia rehani. Msomaji wa Paradise atahisi amekwisha kumwona. Mapenzi yake na Afiya ni kati ya kurasa nzuri kabisa alizoandika Gurnah. Ila kijiji ambacho askari kama Hamza walikichoma moto hakipati hata mhusika mmoja wa kukisemea.

Sisemi kuwa mwandishi analazimika kuandika habari za kila mtu. Hilo lingekuwa dai la kipuuzi. Nasema kuwa kwa kanuni yake mwenyewe, kanuni ya kwamba utu wa mtu unajulikana kwa deni, msafara unaidai pwani hesabu ambayo bado haijakamilika. Deni hilo la kifasihi si lake peke yake kulilipa. Ni letu sisi tuliozaliwa njiani ulikopita msafara.

Amina hakimbii

Jambo jingine ambalo wahakiki wa kiume tunapenda kuliruka ni la wanawake. Yusuf anapendana na Amina, msichana aliyeko ndani ya ukuta wa bustani ya Aziz. Amina aliokolewa mikononi mwa watekaji na baba yake Khalil, akalelewa kama mwana, kisha akaingia pamoja na Khalil katika malipo ya deni, na hatimaye Aziz akamwoa. Ukihesabu vizuri, yeye ni rehani mara mbili. Mwishoni mwa riwaya Yusuf anakimbia, anaufuata msafara wa askari wa Kijerumani. Amina anabaki.

Wengi wameuliza kwa nini Yusuf anajitia mikononi mwa mkoloni. Mimi nauliza kwa nini hakuna aliyetegemea Amina akimbie. Jibu ni kwamba kwake hakuna hata askari wa kuwafuata. Katika bustani hiyo yuko pia mzee mtunza maua, Hamdani, mtumwa aliyepewa uhuru akaukataa, akisema kwa namna yake kuwa huwezi kupewa kitu ambacho mpaji hakuwa nacho. Huo ni uhuru wa moyoni na tunauheshimu. Lakini ni uhuru wa mzee aliyekwisha kuamua kufia kwenye miti yake. Amina ana miaka mingi mbele yake.

Linganisha na Kasri ya Mwinyi Fuad ya Adam Shafi, ya mwaka 1978, ambayo wengi wetu tuliisoma kabla ya kumsikia Gurnah. Humo nako kuna bwana, kuna jumba, kuna mtumishi mtiifu, Kijakazi. Lakini Shafi anawaletea watumishi wake Mapinduzi ya 1964, na mlango wa kasri unafunguka kuelekea maisha mapya. Kwa Gurnah mlango wa bustani unafungukia kwa askari wa Mjerumani. Mwanafunzi mmoja atasema Shafi ana matumaini na Gurnah amekata tamaa. Sidhani ni hivyo. Shafi aliandika kutoka ndani ya matumaini ya mapinduzi; Gurnah aliandika baada ya kuona kuwa mapinduzi nayo huacha wadaiwa, kwamba wako waliofukuzwa, waliofungwa na waliovuka maji kwa sababu ya nasaba zao. Tunahitaji kuwasoma wote wawili, tena katika juma moja.

Peponi: Kiswahili cha nani?

Mwaka 2022 kampuni ya Mkuki na Nyota ilichapisha Peponi, tafsiri ya Paradise iliyofanywa na Ida Hadjivayanis. Ilichukua miaka 28 riwaya ya mtoto wa Kiswahili kusomeka kwa Kiswahili! Sasa msomaji wa kidato cha nne anaweza kukutana na Yusuf bila kamusi, na hiyo ni kazi ya kupongezwa.

Watu walisema: riwaya imerudi nyumbani. Ni kweli kwa kiasi kikubwa. Kule kwenye Kiingereza, maneno kama mnyapara na Seyyid yalikaa kama wageni sebuleni. Katika Kiswahili yameketi jikoni na wenyewe. Matusi ya Khalil na utani wa wasafiri vimepata tena mdomo wake.

Lakini nyumbani kwa nani? Kwa mtu wa Unguja au Bagamoyo, ni nyumbani. Kwa bibi wa Kindamba, au kwa mtoto wa Kisukuma anayechunga ng'ombe kando ya mto Kilombero, Kiswahili chenyewe ni lugha iliyofika na misafara, kisha na shule, kisha na redio. Neno la ushenzi likisomwa kwa Kiingereza ni maelezo ya kihistoria. Likisomwa kwa Kiswahili, darasani Mngeta, linawaka, maana ni tusi ambalo bado linatumika. Hapo tafsiri imefanya jambo ambalo asili haikuweza: imemleta mtu wa bara akae uso kwa uso na neno alilopewa, katika lugha ambayo sasa ni yake pia. Kwangu mimi hii ndiyo sababu kubwa ya Peponi kusomeshwa, tena isomeshwe bara kuliko pwani.

Na hapa niwachokoze kidogo walimu wangu. Katika vyuo vyetu, wa Kiswahili husema Gurnah ni wa fasihi ya Kiingereza. Wa fasihi ya Kiingereza nao, akishatafsiriwa, wanasema Peponi ni kazi ya idara ya Kiswahili. Mtu aliyeandika maisha yake yote juu ya watu wanaosukumwa kutoka dawati moja hadi jingine, naye anasukumwa vivyo hivyo kwenye ratiba zetu! Kazi nyingi za Gurnah hazijatafsiriwa. Wanafunzi wa idara zote mbili wangeweza kukaa pamoja na kujaribu sura moja tu ya By the Sea, waone ni wapi Kiingereza chake kinafikiri kwa Kiswahili. Nina hakika ubishi utakaozuka humo utakuwa na faida kuliko ule wa mwaka 2021.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba Gurnah hasimulii tu habari za watu waliopotewa na kwao. Anasimulia jinsi "kwao" inavyotengenezwa: kwa fedha, kwa hati, kwa ndoa, kwa jina la baba, na kwa nguvu ya yule anayeuliza swali. Yusuf, Saleh Omar, Hamza na Badar hawaokolewi kwa kujua asili yao. Wanaanza kupumua siku wanapojua ni deni gani wamebebeshwa, na ni nani aliyelikopa. Nimeonyesha pia kuwa macho ya mwandishi yamebaki zaidi kwenye msafara na kwenye mji wa pwani, na kwamba wanawake wake hawana njia ya kutorokea hata pale wanaume wanapoipata.

Wengine watasema nimezisoma riwaya hizi kibonde-bonde. Sawa, nazipokea lawama. Lakini leo kwetu mkulima na mfugaji bado wanagombea majaruba na malisho, na kila mmoja anamwuliza mwenziwe: wewe kwenu wapi? Babu wa mmoja alifika na vita, wa mwingine alifika na reli, baba wa mwingine akafika na ng'ombe. Nikisoma Gurnah najifunza kuuliza maswali mengine. Nani aligawa ardhi hii, na kwa karatasi gani? Nani alikopa kwa jina la nani? Na nani sasa anaambiwa alipe? Haya ni maswali magumu kuliko lile la kwanza, na yanaweza kumkera kila mtu aliyeko kikaoni, pamoja na mimi, kwa kuwa nami nina shamba la baba huko Mngeta na sijapata kuuliza lilitoka kwa nani.

Kuhusu kama Gurnah ni wetu, nadhani tungoje kidogo. Tumsome kwanza. Ukoo unaomkimbilia mtu siku ya sherehe tu, yeye mwenyewe ameshatuonyesha katika vitabu vyake unaitwaje.